Kati ya hoho na pilipili kichaa kuna zao tunaloliacha

Katika masoko yetu ya mboga, kuanzia Kariakoo na Kilombero ya Arusha hadi Kongowea ya Mombasa na Marikiti ya Nairobi, pilipili zimegawanyika makundi mawili yasiyokutana. Upande mmoja ipo hoho, kubwa, yenye nyama nene, isiyowasha hata kidogo, na mara nyingi huuzwa ikiwa bado ya kijani. Upande wa pili zipo pilipili kali: kichaa, mbuzi, na zile ndefu nyembamba zinazoishia kwenye achari, chachandu na kachumbari. Anayetaka utamu hununua hoho, anayetaka kuwashwa hununua kichaa, na anayetaka vyote viwili hununua zote mbili akaenda kuzichanganya mwenyewe sufuriani. Katikati karibu hakuna kitu. Naamini pengo hilo linawakosesha wakulima wetu fedha na linawanyima walaji chakula kizuri. Wakati umefika wa kulima kwa makusudi pilipili iliyo tamu na kali kwa pamoja: tunda lenye unene na sukari ya hoho iliyoiva, na ukali wa kuuamsha ulimi pasipo kumtoa mlaji machozi.

Kuna dhana moja inayozuia wengi hata kulifikiria jambo hili, nayo ni kwamba utamu na ukali hupingana, kwamba kimoja kikizidi lazima kingine kipungue. Tunda lenyewe halifanyi kazi hivyo. Utamu wa pilipili hutokana na sukari, hasa glukosi na fruktosi, ambazo hujikusanya kwenye nyama ya tunda linapoiva. Ukali hutokana na kapsaisini na kemikali za jamii yake, ambazo hutengenezwa hasa kwenye utando mweupe wa ndani unaoshikilia mbegu. Mbegu, ambazo wapishi wengi huzilaumu, hazitengenezi ukali. Huupata kwa kuwa zimegusana na utando huo. Hata mwilini njia ni mbili. Sukari hupokewa na vionjio vya ulimi, ilhali kapsaisini hugusa kipokezi cha neva kinachohisi joto na maumivu, kipokezi ambacho David Julius wa Marekani na wenzake walikitambua mwaka 1997 na kikamchangia kupata Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Ukali wa pilipili, kwa hakika, hauko katika safu moja na utamu, uchachu au uchungu. Ndiyo maana tunda moja linaweza kubeba sukari nyingi na ukali wa kiasi, na mlaji akavihisi vyote kwa wakati mmoja.

Upande wa vinasaba nao unatupa matumaini. Hoho na zile pilipili ndefu za kawaida ni spishi moja, Capsicum annuum, na huchavushana bila shida. Tofauti yao kubwa iko kwenye jeni moja, Pun1, ambayo watafiti waliibainisha mwaka 2005: hoho hubeba nakala iliyokatika sehemu, hivyo mmea haukamilishi kazi ya kutengeneza kapsaisini. Ukichavusha hoho kwa pilipili kali, kizazi cha kwanza chote kitawasha, kwa sababu ukali ndio unaotawala. Mbegu za kizazi hicho zikipandwa, takriban mmea mmoja kati ya minne utazaa matunda yasiyowasha, na mitatu itawasha kwa viwango tofautitofauti. Viwango hivyo ndivyo vinavyonivutia. Jeni moja huamua kama ukali uwepo au usiwepo, lakini jeni nyingi nyingine huamua uwepo kwa kiasi gani, na hali ya shamba huongeza au kupunguza. Ndani ya shamba moja la kizazi cha pili mkulima makini anaweza kukuta mimea yenye matunda makubwa, mekundu, yenye nyama nene na ukali mdogo. Kazi yake kuanzia hapo ni kuchagua, kutunza mbegu, kupanda tena na kuchagua tena.

Kazi ya namna hiyo imeshafanywa, na ilifanywa na mtu ambaye wakulima wetu wangemwelewa haraka. Fabián García alizaliwa Chihuahua, Mexico, akakulia New Mexico, Marekani, na mwaka 1894 alikuwa miongoni mwa wahitimu wa kwanza wa chuo cha kilimo cha huko Las Cruces. Wakati huo wakazi wenye asili ya Mexico walilima pilipili zao bustanini, kila familia na mbegu yake, na hakuna aliyejua tunda la msimu ujao lingekuwa na ukubwa gani au ukali gani. Soko halikuwepo zaidi ya kijijini. García alikusanya mbegu hizo hizo za wenyeji, akazipanda, akachagua kwa miaka mingi, na mwanzoni mwa karne ya 20 akatoa aina aliyoiita New Mexico No. 9. Ilikuwa ndefu, laini, yenye nyama ya kutosha, inayolingana tunda kwa tunda, na muhimu zaidi, ukali wake ulikuwa mdogo kuliko wa zile za zamani. Alijua kwamba watu wasiozoea pilipili wasingekula kitu cha kuwachoma, na kwamba kiwanda cha kusindika kisingenunua kitu kisichotabirika. Pilipili zote za New Mexico zinazolimwa leo kibiashara, zile za kuchomwa na kumenywa zikiwa za kijani na zile za kukaushwa zikiwa nyekundu, zinafuata njia aliyoifungua. Hakuondoa ukali. Aliushusha hadi kiwango ambacho mtu angeweza kula sahani nzima.

Hungaria nayo ilipita njia hiyo hiyo kwa mwendo wa polepole zaidi. Paprika yake, ambayo dunia nzima leo inaihusisha na utamu, ilikuwa kali kwa sehemu kubwa ya historia yake. Mwaka 1859 ndugu wa familia ya Pálfy wa mji wa Szeged walianza kutumia mashine na utaratibu wa kuondoa utando na mbegu kabla ya kusaga, na unga ukawa mpole. Karne iliyofuata mtafiti Ferenc Horváth wa Kalocsa alipata aina iliyokuwa tamu kwa asili, isiyohitaji kuondolewa kitu. Mafanikio ya Wahungaria, hata hivyo, nayaona zaidi katika jambo walilolifanya baadaye: hawakuuweka unga wao katika makapu mawili, tamu na kali. Waliugawa kwa ngazi, toka ule mpole kabisa, kupita ule wa nusu utamu, hadi ule unaochoma. Wahispania wa bonde la La Vera hufanya vivyo hivyo na unga wao unaokaushwa kwa moshi wa mwaloni; wana mtamu, mkali, na wa katikati. Ufaransa kuna pilipili ya Espelette ambayo jina lake linalindwa kisheria tangu mwaka 2000, na kwa masharti yake ukali hauruhusiwi kuzidi vipimo 4,000 vya Scoville, kipimo cha ukali wa pilipili. Kwa kulinganisha, jalapeño huwa kati ya 2,500 na 8,000, na pilipili kichaa yetu hufika kati ya 50,000 na 100,000. Wakulima wa Espelette wanalipwa vizuri kwa sababu ya mpaka wa chini waliojiwekea, na hakuna anayewaambia pilipili yao haijafika.

Mfano mwingine umetokea barani mwetu. Katika miaka ya 1990, Johan Steenkamp wa Afrika Kusini alikutana na mmea wa pilipili ndogo nyekundu za mviringo zilizokuwa na utamu wa tunda na muwasho mdogo. Alitunza mbegu, akaanza kulima karibu na Tzaneen katika jimbo la Limpopo, na pilipili hizo zikatolewa mbegu, zikawekwa kwenye maji ya siki na sukari, zikauzwa kwa jina la Peppadew. Leo zipo kwenye maduka ya Ulaya na Marekani. Kiwango chake cha ukali ni cha elfu moja hivi kwa vipimo vya Scoville, yaani kidogo sana, na hicho ndicho kilichoifanya iliwe na watu ambao wasingegusa pilipili nyingine. Tunajifunza kwake mambo mawili. Kwanza, mmea mmoja uliotazamwa vizuri unaweza kuzaa kiwanda na ajira za msimu kwa wavunaji na wasindikaji. Pili, jina hilo ni alama ya biashara iliyosajiliwa, na faida inafuata jina. Tukichelewa kuzitambua mbegu zetu wenyewe, atakayezitambua atakuwa mwingine, na sisi tutabaki kuuza gunia.

Kwa nini nasema pengo hili linatugharimu? Tazama kiasi kinacholiwa. Pilipili kichaa mbili au tatu zinatosha sufuria ya familia nzima, na fungu moja dogo humaliza siku kadhaa jikoni. Hata bei ikiwa nzuri, mahitaji ya kila nyumba yana kikomo cha chini mno, na mavuno yakijaa msimu mmoja bei huporomoka hadi wakulima wanaziacha zikauke shambani. Hoho haina kikomo hicho, ila haina mvuto wake wenyewe. Kwa wengi ni rangi na harufu kwenye mchuzi, kipande kwenye mishkaki, na ikikosekana chakula hupikwa vilevile. Pilipili yenye utamu na ukali wa wastani huliwa kama mboga na hutafutwa kama kiungo. Huchomwa ikaliwa na nyama, hukaangwa na mayai, hujazwa wali au nyama ya kusaga, hukatwakatwa mbichi kwenye kachumbari kwa wingi ambao kichaa hairuhusu. Mlaji hununua nusu kilo badala ya fungu la shilingi mia. Kwa mkulima mwenye robo ekari ya umwagiliaji kule Lushoto au Mgeta, hiyo ni tofauti kati ya zao la pembeni na zao la kulipia ada ya shule.

Na mlaji anafaidika. Albert Szent-Györgyi, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1937, alipohitaji vitamini C kwa wingi kwa ajili ya utafiti wake aliipata kwenye paprika za Szeged. Gramu 100 za hoho mbichi ya kijani zina takriban miligramu 80 za vitamini C. Ikiachwa iive hadi kuwa nyekundu hufika karibu 128, na sukari yake hupanda kutoka gramu 2.4 hivi hadi 4.2. Mtu mzima anahitaji miligramu 45 kwa siku kwa makadirio ya FAO na WHO. Pilipili kali nazo zina vitamini nyingi, lakini nani hula gramu 50 za kichaa? Ukali wake huwafungia walaji mlango wa faida hiyo. Hapa pia ndipo ninapoona kasoro ya desturi yetu ya kuvuna hoho ikiwa kijani: tunaliuza tunda kabla halijamaliza kujijenga, kisha tunashangaa watu wakisema halina ladha.

Wapo watakaosema kwamba soko la pilipili ya namna hii halipo, kwamba Mswahili akitaka pilipili anataka imuwashe, na dalali hatapakia kitu asichokijua. Nalichukulia pingamizi hili kwa uzito, kwa sababu dalali ndiye anayeamua kinachofika mjini. Lakini tazama wanavyopika watu wa pwani. Pilipili mbuzi huwekwa nzima juu ya wali wa nazi au ndani ya mchuzi wa samaki, mpishi akijihadhari isipasuke, ili chakula kipate harufu yake pasipo ukali wake. Wengine hupasua kichaa na kukwangua utando wa ndani kabla ya kuikata. Mama lishe huweka pilipili pembeni, kila mteja ajipimie. Hizi zote ni juhudi za mikono za kupata ladha ya pilipili kwa ukali unaovumilika. Hamu ipo tayari, na inatafuta njia kila siku. Kinachokosekana sokoni ni tunda linalomwondolea mpishi kazi hiyo.

Na pilipili mbuzi ndiyo inayonipa matumaini makubwa kuliko zote. Harufu yake, ile inayofanana na matunda yaliyoiva na inayojaza jiko hata kabla sufuria haijachemka, ni mali ya spishi yake, Capsicum chinense. Kwa muda mrefu watu walidhani harufu hiyo haitenganishiki na ukali. Michael Mazourek wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, alithibitisha kinyume alipotoa aina aliyoiita Habanada, yaani habanero, pilipili ya spishi hiyo hiyo, yenye harufu kamili na isiyowasha kabisa. Visiwa vya Karibi na Venezuela vina pilipili za jamii hiyo zenye harufu na ukali mdogo ambazo hutumika kila siku kama sisi tunavyotumia kitunguu. Sioni sababu ya sisi kwenda hadi kwenye ukali sifuri. Pilipili mbuzi tamu, ya rangi ya manjano au nyekundu, yenye ukali wa sehemu ndogo tu ya ule wa sasa, ingeingia kwenye pilau, kwenye urojo wa Unguja, kwenye achari ya embe na kwenye supu ya pweza bila kuhitaji kutambulishwa kwa mtu yeyote. Mbegu za kuanzia ziko kwenye bustani za nyumba nyingi kuanzia Tanga hadi Mtwara, na hazifanani. Ukali, ukubwa na umbo hutofautiana, na tofauti hiyo ndiyo malighafi ya uchaguzi.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi, nalo linatoka kwa wakulima wenyewe: ukali wa pilipili hautabiriki. Mimea ya mbegu moja inaweza kutoa matunda mapole wakati wa mvua na makali wakati wa kiangazi. Ni kweli. Mmea ukikosa maji na kupigwa na joto huongeza kapsaisini, na tunda likikaa sana mtini huweza kuzidi ukali wa lile lililovunwa mapema. Wahispania wa Galicia wanauza pilipili za Padrón ambazo nyingi ni za upole na chache huchoma, na wanaozila wanajua hilo. Kwao imekuwa sehemu ya sifa ya zao. Sishauri tutegemee uvumilivu huo. Jibu la kitaalamu ni kuchagua aina zisizobadilika sana, kumwagilia kwa mpangilio badala ya kusubiri majani yalegee, na kuvuna tunda katika umri uleule kila mara. Jibu la kibiashara ni kupanga madaraja. Wilbur Scoville alipobuni kipimo chake mwaka 1912 alitumia maji ya sukari na ndimi za watu: alizimua pilipili hadi waonjaji wasihisi muwasho, akahesabu alizimua mara ngapi. Chama cha wakulima kinaweza kufanya jambo la namna hiyo bila maabara, kwa kuonja sampuli ya kila mavuno na kuweka alama ya daraja kwenye tenga. Siyo sayansi kamili, lakini ni zaidi ya tulicho nacho leo, ambapo mnunuzi hubahatisha.

Lipo pia jambo linalosemwa mara kwa mara, kwamba ukipanda pilipili kali karibu na hoho, hoho zitawasha na mkulima atapata hasara. Hapa ukweli umechanganyika na uongo. Nyama na utando wa tunda ni sehemu ya mmea mama, kwa hiyo chavua ya jirani haiwezi kuibadilisha hoho iliyopo shambani msimu huu. Hoho inayowasha msimu huu ilitoka kwenye mbegu iliyokwisha kuchanganyika kabla haijapandwa. Kinachobadilika ni mbegu zilizo ndani ya tunda, na athari huonekana zikipandwa. Pilipili hujichavusha kwa kiasi kikubwa, ila nyuki na wadudu wengine huhamisha chavua, na kiwango cha kuchanganyika huweza kuwa kikubwa mahali penye wadudu wengi. Anayelima kwa ajili ya kuuza tunda hana cha kuogopa. Anayetunza mbegu lazima ajihadhari, na kujihadhari kwake si kwa gharama: achague mmea bora, afunike tawi kwa kipande cha chandarua kabla maua hayajafunguka, atikise tawi mara kwa mara ili chavua idondoke, kisha afunge uzi kwenye tunda lililoanza kukua ndani ya chandarua ili asilichanganye na mengine wakati wa kuvuna.

Kuhusu mavuno, nakubali kuna gharama. Tunda linaloachwa hadi likomae na kuwa jekundu hukaa mtini wiki kadhaa zaidi, na mmea wenye matunda mengi yaliyokomaa hupunguza kutoa maua mapya. Muda huo wa ziada ni nafasi kwa utitiri, vithripi, vidukari vinavyosambaza virusi, na kwa nondo wa Thaumatotibia leucotreta ambaye kiwavi wake hutoboa tunda na kujificha ndani. Huyo wa mwisho ndiye aliyeufanya Umoja wa Ulaya kuweka, kuanzia Januari 2018, masharti maalumu kwa matunda ya Capsicum yanayotoka Afrika. Kwa hiyo simshauri mtu aanze na ndoto ya kusafirisha pilipili mbichi kwenda Ulaya. Aanze na miji yetu, hoteli zetu na wasindikaji wetu. Hoho nyekundu na za manjano zinazolimwa kwenye vitalu nyumba nchini Kenya na Tanzania tayari huuzwa kwa bei ya juu kuliko za kijani, ishara kwamba mnunuzi yupo tayari kulipia kuiva. Sehemu ya mavuno inaweza kukaushwa na kusagwa, kazi ambayo Zimbabwe na Zambia zimeifanya kwa paprika. Sharti hapa ni usafi: pilipili ikianikwa chini hupata unyevu na ukungu, na ukungu huleta sumukuvu, ambayo humdhuru mlaji popote alipo na humfungia mzalishaji milango ya masoko. Kichanja kilichoinuliwa na karatasi ya nailoni ya kuzuia mvua na vumbi hutatua sehemu kubwa ya tatizo.

Swali la nani atazalisha mbegu ndilo ambalo wanasiasa wa kilimo hulikwepa. Maduka ya pembejeo hutuuzia ama aina za zamani za kigeni kama California Wonder, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1928, au mbegu chotara za bei kubwa ambazo watoto wake hawafanani na mama. Sipingi chotara; zina nguvu na zinalingana. Lakini kwa zao jipya ambalo soko lake bado linajengwa, mkulima mdogo hawezi kubeba gharama ya mbegu chotara kila msimu huku akijaribu bahati. Anahitaji mbegu ya kawaida iliyotulia, anayoweza kuitunza. Tanzania inao utaratibu wa mbegu za daraja la kuazimiwa, unaowaruhusu wakulima wadogo waliosajiliwa kuzalisha na kuuza mbegu katika maeneo yao chini ya usimamizi wa TOSCI, taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu, na tangu mwaka 2012 inayo sheria inayolinda haki za wagunduzi wa aina mpya za mimea. Kenya ina KEPHIS, msimamizi wa afya ya mimea, na KALRO, taasisi ya utafiti wa kilimo. Kule Arusha kipo kituo cha kanda cha World Vegetable Center, taasisi ya kimataifa yenye hazina ya mbegu za mboga, na jirani yake kipo kituo cha serikali cha utafiti wa kilimo, TARI Tengeru. Chuo kikuu cha kilimo, SUA, kiko Morogoro, mji ule ule yaliko makao ya TOSCI. Vyombo vipo. Sijaona vikipewa jukumu la kutafuta ukali wa kiasi. Watafiti huulizwa habari za mavuno kwa hekta na ustahimilivu wa magonjwa, maswali ya lazima kabisa, ila ladha huachwa mwisho au husahaulika.

Watakaosema kazi hii ni ya miaka mingi hawakosei sana. Kuituliza aina mpya huchukua vizazi sita hadi vinane. Lakini pilipili iliyomwagiliwa huweza kutoa vizazi viwili kwa mwaka katika sehemu nyingi za nchi zetu, na hiyo ni miaka mitatu au minne, muda ambao miche ya kahawa ndiyo kwanza inaanza kulipa. García alifanya kazi yake pasipo maabara ya vinasaba, akitumia jembe, daftari na ulimi. Watafiti wetu wana vipimo vinavyoweza kutambua jeni ya Pun1 kwenye mche mdogo kabla haujatoa ua, na hivyo kuokoa nafasi ya shamba na msimu mzima wa kusubiri.

Ninachoomba ni hatua tatu zinazowezekana katika bajeti ya mwaka ujao. TARI na KALRO zikusanye mbegu za pilipili mbuzi na pilipili ndefu kutoka pwani na nyanda za juu, zipande pamoja, zipime sukari na ukali wa kila moja, na kuyatangaza matokeo kwa Kiswahili. Vyama vya ushirika vya wakulima wa mboga vianze kuuza kwa madaraja ya ukali, hata kwa zile pilipili zilizopo. Na wewe unayelima hoho na pilipili ndefu katika bustani moja, msimu huu acha matunda machache ya mmea wako bora yaive hadi yawe mekundu, yaonje, andika ulichokihisi, na mbegu za lile lililokuwa tamu na lenye muwasho wa kiasi zikaushe kivulini, uziweke kwenye bahasha yenye tarehe, uzipande msimu ujao.